Steringi Hafi: Maoni juu ya Sinema ya Commando kama Ilivyoonyeshwa Kahama

Sinema iitwayo Commando ilitolewa Marekani mwaka 1985 chini ya uongozi wa Mark L. Lester, na mchezaji wake mkuu ni Arnold Schwarzenegger. Si sinema nzuri. Nasema hivi mapema ili msomaji asidhani kwamba nakusudia kuipamba kwa istilahi za kitaalamu, kisha niitoe nje mwishoni kama bibi arusi. Hata hivyo nimeitazama mara nyingi kuliko kazi nyingi za sanaa ninazozifundisha, na kila mara nimefurahi. Jambo hili lina haya kidogo kwa mtu wa umri wangu na kazi yangu, na haya hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Kisa chake chaweza kusimuliwa kwa pumzi moja. John Matrix, askari aliyestaafu, anaishi mlimani na bintiye, Jenny. Waovu wanamteka binti ili baba alazimike kwenda kumwua rais wa Val Verde, nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote, na hivyo Arius, mtawala mkatili aliyepinduliwa, arudi kitini. Matrix anapandishwa ndege. Anaruka nje wakati ndege inapoanza kupaa. Anatega saa yake ya mkononi. Anazo saa 11 kabla ndege haijatua na hila yake kufichuka. Yaliyobaki ni kuua: wadogo kwanza, kisha wakubwa, na mwisho kabisa Bennett, aliyekuwa mwenzake jeshini. Muda wote hauzidi sana dakika 90.

Kasoro zake hazihitaji jicho la mhakiki. Askari wa Arius humiminia risasi mtu aliyesimama wima uwanjani wasimpate, na yeye akifyatua hakosi. Majengo yanapolipuka, mtazamaji aliye makini huona kwamba baadhi ya miili inayorushwa ni sanamu. Ipo pia ile gari ya manjano aina ya Porsche, ambayo huangukia ubavu, ikakwaruzika na kubonyea. Matrix anamning'iniza adui mmoja juu ya genge na kumwachia, anaisimamisha gari kwa nguvu za mikono, kisha anaondoka na gari ile ile ikiwa nzima, kana kwamba imetoka dukani asubuhi hiyo.

Niliiona mara ya kwanza Kahama, katikati ya miaka ya tisini, katika banda la mabati lililokuwa na mabenchi, televisheni moja, deki moja, na jenereta iliyonguruma uani. Televisheni za Tanzania Bara zilikuwa zimeanza kurusha matangazo mwaka 1994 tu, na kwetu picha ilikuwa bado ni kitu cha kulipia mlangoni. Mtu hakwenda kuangalia filamu. Alikwenda kuangalia mkanda. Mbele, kando ya televisheni, aliketi kijana mmoja mwenye kipaza sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kutufasiria. Kiingereza alikijua kidogo, lakini mkanda aliujua sana.

Kazi hii ya ufasiri imekwisha kuandikwa na wataalamu. Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, ameichunguza kwa Dar es Salaam, ambako jina la Lufufu lilivuma kupita majina yote. Sina haja ya kurudia aliyoyasema. Nataka kueleza jambo dogo tu, nalo ni Kiswahili cha banda lile, kwa kuwa naamini furaha yangu ilianzia hapo.

Mfasiri wetu hakusimulia kwa -li-, wala kwa -na-. Alisema: kaingia, kajificha, kamwona, kammaliza. Hii ni ile ka- fupi ya nafsi ya tatu umoja ambayo katika mazungumzo husimama mahali pa ame-, na ambayo vitabu vya sarufi huipitia haraka kama mgeni asiyealikwa. Ilimfaa kwa sababu macho yalitangulia sikio. Tendo lilikuwa limekwisha kuonekana; kilichobaki ni kulitia muhuri. Pale palipokuwa na maneno marefu ya Kiingereza alinyamaza, au alitia maneno yake. Penye mapigano alitumia tanakali za sauti, na watu wakazirudia pamoja naye, benchi kwa benchi.

Tena palikuwa na neno steringi, au stelingi kwa ulimi wa kwetu, kwa kuwa Kisukuma hakina r. Asili yake ni lile neno la Kiingereza linaloandikwa mwanzoni mwa sinema kabla ya jina la mchezaji mkuu. Watazamaji walilisoma kama cheo, kama vile mtu asomavyo jenerali au daktari, na kwa haki kabisa, kwa sababu mahali pake ni mahali pa cheo. Likaingia katika ngeli kwa njia ya vyeo vya kigeni: steringi, masteringi, na upatanisho wa mtu: steringi wa mkanda huu. Kiswahili kilikuwa nalo neno shujaa kwa karne nyingi, lakini kwa maana hii halikutosha. Shujaa aweza kufa. Steringi hafi.

Msemo huu ulitamkwa katika kila banda, nao wastahili kuangaliwa kisarufi. Hali ya mazoea yenye hu- haina kikanushi chake. Hufa hukanushwa kwa hafi, neno lile lile linalokanusha anakufa. Kwa hiyo mtu aliyesema "steringi hafi" wakati Matrix amezingirwa alisema mambo mawili kwa mara moja: kwamba huyu hapa hafi sasa, na kwamba wa namna yake hawafi kamwe. Habari na kanuni zilikuwa sentensi moja. Sijapata kuona lugha yetu ikifanya kazi kwa ubahili mzuri kuliko huo.

Wapo wenzangu wasemao kwamba sinema za kanuni moja hudumaza akili. Hoja hii ingekuwa na uzito zaidi kama tusingekuwa watu wa ngano. Vladimir Propp alionyesha mwaka 1928 kwamba ngano za ajabu za Kirusi zina matendo 31 yafuatanayo kwa utaratibu ule ule. Naye Albert Lord, akifuata nyayo za Milman Parry, alionyesha mwaka 1960 jinsi waimbaji wa Yugoslavia walivyotunga mashairi marefu papo kwa papo kwa mafungu ya maneno yaliyokwisha kuzoeleka. Mtoto wa Kisukuma asiyewajua hawa wote aijua ngano ya Masala Kulangwa, aliyezaliwa baada ya dubwana Shing'weng'we kumeza watu wote isipokuwa mama yake. Kila amwuapo mnyama humwuliza mama kama huyo ndiye, na kila mara huambiwa siye, na kila mara mnyama ni mkubwa kidogo kuliko wa kwanza. Arius na walinzi wake wamepangwa vivyo hivyo. Yeyote aliyekua kwa ngano ile hakuhitaji kufundishwa kuangalia Commando. Alihitaji tu kuketi.

Ila hapa ndipo tofauti inapojitokeza, nami sipendi kuificha. Katika masimulizi mengine ya ngano ile, Masala Kulangwa anapolipasua tumbo la dubwana ili watu watoke, kisu chake hukata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwamo ndani. Bibi hashukuru. Hukasirika, na ukombozi wote huingia doa. Vivyo hivyo Fumo Liyongo wa pwani, mkubwa wa mashujaa wetu, hufa, tena kwa sindano ya shaba iliyopigwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Jadi zetu hudai malipo kwa shujaa. Commando haidai kitu. Watu kwa makumi huanguka, wala hakuna sikio la mtu linaloulizwa.

Tena ni watu gani wanaoanguka? Val Verde ni nchi ndogo na maskini yenye kupinduana, ambayo rais wake wa sasa aliwekwa kwa msaada wa Matrix huyo huyo, na ambayo watu wake katika sinema hii hawana jina wala neno la maana la kusema. Kwa vyovyote vile, nchi hiyo inafanana na zetu kuliko inavyofanana na mlima wa Matrix. Sisi tuliokuwa katika banda tulishangilia upande wa bunduki iliyoelekezwa kwetu. Hili niliambiwa kwanza ughaibuni, na mwanafunzi mwenzangu, na nilikaa kimya muda mrefu kwa sababu lilikuwa kweli. Bado ni kweli. Sioni kwamba furaha yangu yaifuta kweli hiyo, wala kwamba kweli hiyo imeifuta furaha yangu, na kila mhakiki aliyeniahidi kwamba moja ingeondoa nyingine amenidanganya.

Nina shaka pia na tafsiri iliyo kinyume chake. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliondolewa katika mashimo yao kupisha mgodi mkubwa, mgodi ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Wengi walipita Kahama mjini, na baadhi yao waliketi katika mabenchi yale. Ni rahisi kwa mtu wa chuo kuandika kwamba walimwona katika Matrix mtu mmoja ashindaye jeshi zima, wakalipiza kisasi mioyoni. Nilikuwa nimekaa nao. Walikuwa wamechoka, wakacheka, wakabishana juu ya bunduki ipi ni kubwa, na mmoja alilala. Burudani ya mtu aliyechoka haipaswi kulazimishwa iwe siasa ndipo iheshimiwe.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari Ujerumani, niliiona tena katika chumba cha wanafunzi. Walicheka tangu mwanzo, na gari ya manjano ilipopona ghafla walipiga makofi. Nilicheka nao, lakini si kwa jambo lile lile. Walicheka kwa kuwa walikuwa juu ya sinema. Kosa liliwapa ushindi. Katika banda letu kosa hilo pia lilionekana, maana watu wa Kahama si vipofu, na fundi magari mmoja alipaza sauti kudai maelezo. Mfasiri hakusita. Alisema: gari la steringi nalo halifi. Watu wakaridhika, fundi akiwa wa kwanza.

Hapana budi nitaje, ingawa ni kando ya njia, kwamba ndugu yake Matrix, yaani Rambo, ameacha alama kubwa zaidi katika msamiati. Mifuko ya plastiki iliitwa rambo nchini kote hadi ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na hata baada ya hapo jina halikufuata mifuko. Kwetu ilitamkwa lambo. Na kwa kuwa lambo katika nchi ya wafugaji ni bwawa la kunyweshea ng'ombe, nilikaa miaka kadhaa ya utoto nikiamini kwamba mfuko umepewa jina hilo kwa sababu hauvuji maji.

Ufasiri wa kijana yule haukurekodiwa. Siku hizi mikanda iliyofasiriwa huingizwa katika simu kwa waya, na sauti zinazosikika Kahama ndizo zinazosikika Mbeya. Sauti hizo zina ufundi, wala sizidharau. Ila hazimjibu fundi magari.

Sinema huishia kwa jenerali kumwomba Matrix arudi jeshini, naye akakataa na kuondoka na bintiye. Katika Kiingereza jibu ni fupi. Mfasiri wetu alilifanya fupi zaidi: aliweka kipaza sauti mdomoni, akangoja kimya kiingie, akasema kwa Kisukuma, "Yaya." Jenereta ikazimwa papo hapo ili kuokoa mafuta, na majina ya wachezaji hatukuyaona.