Mama wa Marehemu: Jina na Mamlaka katika Kumbukumbu ya Shajar al-Durr

Uhakiki wa masimulizi kuhusu malkia wa zama za kati hurudia lalamiko moja: kwamba wanawake hao hukumbukwa kama binti, mke au mama wa fulani. Lalamiko hilo ni la haki, ila halitoshi kumweleza Shajar al-Durr wa Misri. Kwake yeye uhusiano wa kiukoo ulikuwa pia hoja ya kutawalia.

Shajar al-Durr aliingia katika kasri akiwa mtumwa, hivyo hakuwa na nasaba ya kifalme ya kuegemea. Mumewe, Sultani al-Salih Ayyub, alipofariki Novemba 1249, jeshi la Louis IX wa Ufaransa lilikuwa limekwisha kuuteka mji wa Damietta. Mjane huyo akaificha habari ya msiba. Mei 1250, baada ya Turanshah, mwana wa sultani, kuuawa, yeye ndiye aliyetawazwa. Sarafu yake inamnasibisha na khalifa al-Musta'sim, na marehemu mumewe, na mwanawe Khalil. Khalil huyo alikuwa amefariki angali mtoto mdogo. Kwa hiyo, cheo cha mama hapa hakikuashiria malezi wala kumshikia mrithi kiti. Kilimthibitishia mwenye kiti nafasi katika ukoo wa Ayyubi ambamo hakuzaliwa.

Kiswahili kinatusaidia kuiona tofauti hii. "Mama Khalil" ni jina la kuitwa, lenye heshima yake. "Mama yake Khalil" ni maelezo ya uhusiano. Mfasiri anayeigeuza kuniya yake, Umm Khalil, kuwa maelezo humfanya mtawala kuwa kiambatisho cha mtoto, ilhali ni yeye aliyelitumia jina la mtoto.

Hata hivyo, hoja hiyo ilikuwa na mpaka. Baada ya miezi mitatu hivi aliolewa na amiri Aybak na kumwachia kiti. Ndoa ikawa njia ya kuyahamisha mamlaka. Aliuawa mwaka 1257. Kaburi alilojijengea mjini Kairo lingalipo, na katika mihrabu yake mna nakshi ya mti wenye matunda ya gamba la chaza, ishara ya jina lake: Mti wa Lulu. Mhakiki anayeishia kwenye sarafu atamkuta mama na mjane tu. Nakshi hiyo inamdai asome pia jina ambalo halikuhitaji mume wala mwana.