Mtoto Anatazama

Mchezo wa video uitwao The Walking Dead, uliotolewa na Telltale Games ya Marekani mwaka 2012 kwa sehemu 5, hulaumiwa kuwa unamhadaa mchezaji. Humtaka achague, kisha mambo huishia palepale. Umwokoe Doug au Carley, aliyeokoka hufa baadaye. Na Lee, mhusika mkuu, huumwa na mfu hata ufanyeje.

Lawama hiyo ina haki, kwani mchezo wenyewe huahidi mwanzoni kwamba hadithi itafuata uchaguzi wako. Ahadi imezidi uwezo. Hata hivyo, naona wahakiki wamepima mwisho wakasahau njia.

Lee alikuwa mwalimu wa historia, akahukumiwa kwa kuua. Sasa analea Clementine, mtoto asiye wake, naye mtoto anatazama: Lee anasema kweli au uongo? Anachukua chakula cha wengine? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sisi tuliofundisha walimu twajua kwamba mwisho wa safari ya mwanafunzi haumo mikononi mwetu. Kilichomo ni mfano tunaomwachia. Kwa hilo, msomaji, mchezo huu wastahili heshima.