Kutoka Ada hadi Riwaya ya Kihistoria: Vitabu vya Kuongezwa katika Orodha za Idara

Orodha za vitabu vinavyosomwa katika idara za Kiswahili zimejengwa, kwa muda mrefu, juu ya mgawanyo mmoja usiohojiwa: upande mmoja riwaya, tamthilia na diwani, upande wa pili sarufi na isimu. Kitabu kisichoingia katika makundi hayo mawili huachiwa wengine. Maelezo ya kazi na malipo yake, mwongozo wa ada za wakili au za mganga, hesabu za mfanyabiashara, vyote huhesabiwa kuwa mali ya idara za sheria na biashara. Matokeo yake ni kwamba mhitimu anaweza kuichambua dhamira ya ukombozi katika riwaya tatu, lakini akiombwa aandike kwa Kiswahili mapatano ya malipo kati ya mfasiri na mteja wake, hana mfano hata mmoja wa kuufuata. Makala haya yanapendekeza vitabu vichache vya aina zote mbili, na yanadai kwamba visomwe pamoja. Riwaya ya kihistoria ya Kiswahili, inapofaulu, hufaulu mahali pale pale ambapo mwongozo wa ada hufanya kazi yake: panapoulizwa nani amefanya kazi gani, kwa malipo gani, na mbele ya shahidi gani.

Lugha yenyewe haijautambua mgawanyo huo. Neno ada, ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo maana yake ya awali ni desturi, limebeba katika Kiswahili maana ya malipo yanayotolewa kwa mujibu wa desturi hiyo. Kilemba si nguo ya kichwani tu, bali pia ni haki ya fundi mwanafunzi wake anapohitimu. Mkaja ni kitambaa cha kumfunga mzazi tumboni na vilevile ni haki ya mama wa bibi arusi. Mbeleko, kipa mkono, kiosha miguu, kifungua mlango, kiingia porini cha mganga: kila jina linataja kitendo au kitu, na nyuma yake kuna fedha iliyokwisha kubadilisha mikono. Kiambishi u- nacho kina habari yake. Udalali ni kazi ya dalali na pia ni fungu lake katika mnada. Urubani ni ujuzi wa rubani na pia ni ujira wake. Uchukuzi na upagazi ni vivyo hivyo. Mwanasarufi anayeifundisha ngeli ya U kama ngeli ya dhana tupu, pasipo kutaja kwamba Waswahili waliitumia kuandikia bei ya kazi, amewaficha wanafunzi wake jambo la maana.

Kwa sababu hiyo kitabu cha kwanza kinachostahili kupendekezwa ni “Desturi za Waswahili”, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 na Carl Velten. Mwandishi wake mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na kufariki huko mwaka 1927. Wataalamu wengi hukitumia kitabu hiki kama ghala: huingia, huchukua habari ya unyago au ya pepo, hutoka. Ni nadra kusomwa kama nathari. Anayekisoma hivyo, tangu kuzaliwa kwa mtoto mpaka matanga, atagundua kwamba uzi unaozishona sura zake ni malipo. Mtoto anapopelekwa chuoni, anapoingia jandoni, mwari anapotiwa ndani, bwana arusi anapofika mlangoni, mgonjwa anapoitiwa mganga, daima pana mtu mwenye haki yake, na daima haki hiyo ina jina, ina wakati na ina namna ya kutolewa. Mtoro haelezi kwa nadharia kwamba jamii ya pwani ilikuwa na matabaka. Anaeleza nani alitoa na nani alipokea, na matabaka yanaonekana yenyewe. Sura zinazohusu watumwa na wadeni ni kali zaidi kwa sababu sauti haibadiliki. Mwenye kuzoea kuambiwa ahuzunike na amwonee huruma mnyonge atashangaa kuona jinsi utulivu huo unavyoumiza.

Kitabu hiki si safi pasipo doa. Maandishi yalipita mikononi mwa Velten, yalikusudiwa kwanza wasomaji wa Kijerumani waliojiandaa kutawala, na hayakutoka kwa mtu mmoja. J. W. T. Allen, aliyeyatafsiri kwa Kiingereza katika toleo la 1981, alifanya haki kulitia jina la Mtoro katika anwani na kuongeza kuwa walikuwapo Waswahili wengine. Kwa hiyo mwalimu asikiwasilishe kama sauti ya pwani nzima. Bagamoyo si Lamu, wala si Mvita, na ada za mji mmoja hazikuwa sheria ya mji mwingine. Lakini kwa mwanafunzi anayetaka kuona nathari ya Kiswahili inayoeleza jambo la kazi bila kukopa muundo wa sentensi za Kizungu, hakuna mwalimu bora.

Kando yake liwekwe, kwa makusudi ya kulinganisha, agizo la malipo ya mawakili linalotumika Kenya. Hutolewa na Jaji Mkuu chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, na marekebisho makubwa yalifanywa mwaka 2014. Tanzania nayo ilitoa la kwake mwaka 2015. Hakuna atakayelisoma kwa raha. Limeandikwa kwa Kiingereza, limejaa majedwali, na thamani yake idarani ni ya zoezi: mwanafunzi apewe jedwali moja alifasiri. Atakutana mara moja na suala la iwapo ada, ujira, malipo, karo na haki ni visawe au sivyo. Atalazimika kutafuta neno la kosa la wakili anayetoza chini ya kiwango kilichowekwa ili awanyang'anye wenzake wateja, jambo ambalo sheria hiyo inalikataza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo utabaki wa jina ikiwa mwananchi hawezi kuuliza kwa lugha hiyo ni kwa nini anatozwa kiasi fulani. Mtoro aliweza kulieleza jambo la namna hiyo mwaka 1903 bila kamati ya istilahi.

Kati ya vitabu vya ada na riwaya kuna kitabu kimoja kinachosimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Nacho ni “Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip”, kilichotolewa kwanza Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, kisha na W. H. Whiteley pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanzo wake ni mtoto wa miaka kumi na miwili anayefanya safari za karibu za biashara ya sandarusi, na tangu hapo hesabu hazikomi: frasila za pembe, madeni, mali aliyopewa na Taria Topan, malalamiko kwamba Stanley hakutimiza ahadi zake. Ni nathari ya kasi, yenye sentensi fupi kuliko za Mtoro, na ni ya mtu anayejua kuhesabu. Lakini hesabu hizo zina tundu. Pembe zimepimwa kwa uangalifu mkubwa. Watu waliozibeba, na watu waliouzwa, hawakupimwa kwa uangalifu huo. Msomaji aliyetoka kwa Mtoro ataliona tundu hilo mara moja, kwa sababu amekwisha kuzoea kuuliza haki ya kila mtu iko wapi. Hii ndiyo faida ya kuvisoma vitabu hivi kwa mfuatano.

Riwaya ya kihistoria ya Kiswahili ingeweza kuelezwa kuwa ni jitihada ya kuliziba tundu hilo. James Mbotela, mwana wa mmoja wa waliokombolewa utumwani, alijaribu mapema katika “Uhuru wa Watumwa”, kilichochapishwa mwaka 1934. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwa shukrani kwa Waingereza imekitawala, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo kisiondolewe katika orodha. Ndani yake imehifadhiwa kumbukumbu ya watu walionyakuliwa bara, wakaokolewa baharini na kuwekwa Frere Town, kitongoji kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Kitabu kinajua vizuri sana bei ya mtumwa. Hakijui kuuliza bei ya kazi ya mtu huru. Udhaifu huo si wa maadili peke yake, ni wa kisanaa pia, kwa maana nusu ya pili ya simulizi inakosa mgogoro wa kuisukuma.

Adam Shafi Adam ndiye aliyeuliza swali hilo waziwazi. Katika “Kasri ya Mwinyi Fuad” (1978) Kijakazi anafanya kazi tangu alfajiri katika nyumba ya bwana wake, na utiifu wake unadumu hata Mapinduzi ya 1964 yanapokuwa yamekwisha kuupindua ulimwengu wa bwana huyo. Wako waliomwona Kijakazi kuwa mhusika asiyesadikika. Kinyume chake, ndiye anayesadikika kuliko wote katika riwaya ile, kwa sababu mtu ambaye kazi yake haijapata kutajiwa malipo hawezi kujua siku moja kwamba amedhulumiwa, hana kipimo. Wanaharakati wanaomzunguka ndio waliochorwa kwa mstari mmoja.

“Kuli” (1979) ni kazi bora zaidi, na ndiyo inayostahili kukaa darasani bega kwa bega na Mtoro. Jina lenyewe ni somo. Baadhi ya wanaisimu hulihusisha neno kuli na neno la Kitamil lenye maana ya ujira, na wengine na jina la watu wa Koli wa Gujarat. Ikiwa wa kwanza wana haki, basi mchukuzi wa bandarini amepewa jina la malipo ambayo hakuyapata. Riwaya inamfuata Rashidi kutoka utoto wa ufukara Unguja mpaka kazi ya bandari, na mpaka mgomo wa mwaka 1948, ambao ni tukio la kweli: ulianza kwa wafanyakazi wa bandari mwezi wa Agosti na kuenea hadi kuusimamisha mji. Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba Mombasa ilikuwa imegoma mwezi Januari 1947, katika vuguvugu lililomtoa Chege Kibachia na African Workers' Federation, na itamfaa kuisoma “Kuli” akiwa na habari hiyo.

Kuna hukumu iliyozoeleka kwamba “Kuli” ni propaganda iliyovaa kanzu ya riwaya. Hukumu hiyo inahitaji kupunguzwa. Palipo na hotuba, ndiyo, sanaa inalegea, na mhakiki hana haja ya kuzitetea kurasa hizo kwa kuwa tu anakubaliana na siasa yake. Lakini ziko kurasa za namna nyingine, zenye mzigo wa kubebwa, siku ya kazi, senti za kugawanywa kati ya chakula na deni, na nyumba inayosubiri. Hapo Adam Shafi anaandika kama Mtoro, kwa utulivu, akitaja kitu na thamani yake, na hapo ndipo mgomo unapopata sababu ambayo hotuba haiwezi kuutia. Mwalimu aliyezoea kuuliza wanafunzi wake “ujumbe wa mwandishi ni nini” ajaribu badala yake kuwauliza: katika sura hii, nani analipwa, na nani anaondoka mikono mitupu? Majibu yatakuwa ya uhakiki zaidi.

Vingine vitajwe kwa ufupi. “Kaburi bila Msalaba” cha P. M. Kareithi (1969) kina umuhimu wa kuwa miongoni mwa riwaya za mapema za Kiswahili kuhusu vita vya Mau Mau, ingawa lugha yake ni ya shule kuliko ya kijiji. “Kwaheri Iselamagazi” cha Bernard Mapalala (1992), kinachomhusu Mirambo na makao yake makuu, kinafaa kusomwa baada ya Tippu Tip, ili njia ile ile ya misafara ionekane kutoka upande wa Wanyamwezi, ambao upagazi na hongo vilikuwa ni mambo ya kila siku kwao.

Kitabu cha mwisho si riwaya ya kihistoria kwa maana ya vita na wafalme. “Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka” cha Aniceti Kitereza kiliandikwa kwa Kikerewe na kumalizika mwaka 1945, kikafasiriwa kwa Kiswahili na mwandishi mwenyewe, na kutolewa na Tanzania Publishing House katika juzuu mbili mwaka 1980. Mume aliyenyang'anywa mkewe na wakwe analazimika kutoa pombe ya ndizi kama faini ili arudishiwe. Kisha wanatafuta mganga wa kuutibu utasa, na mganga ana masharti yake. Migomba, mitungi, majirani wanaoitwa kusaidia, siku za kungoja pombe iive: Kitereza anaieleza gharama ya faini hiyo hatua kwa hatua mpaka msomaji mwenyewe anachoka mikono. Wako wanaosema kwamba kitabu kinarefushwa bure na maelezo ya desturi. Hawajaona kwamba urefu huo ndio kipimo cha thamani ya Bugonoka machoni pa mumewe, na kwamba mwandishi hakuwa na njia nyingine ya kuipima. Kwa kozi ya muhula mmoja, juzuu ya kwanza pamoja na sura za Mtoro kuhusu uganga zinatosha. Juzuu ya pili, yenye habari za watoto, Ntulanalwo na Bulihwali, wanafunzi wanaweza kuondoka nayo likizoni.