Okapi wa Beni na herufi za urithi: uhakiki wa andiko moja la wataalamu

Tarehe 17 Mei 2016, gazeti la elimu Nature Communications lilitoa andiko la Morris Agaba, mtaalamu wa chuo cha Nelson Mandela cha Arusha, Tanzania, pamoja na wenzake. Andiko ni juu ya twiga na okapi. Nimeona vema kulihakiki hapa, kwanza sababu okapi ni mnyama wa kwetu, tena sababu linagusa swali ambalo wanafunzi wa sekondari wanawauliza makatekista: viumbe vyenye uhai vina undugu wa kweli, ao vinafanana tu?

Tukumbuke kwanza habari yenyewe. Watu wa msitu walimjua okapi tangu zamani; Wazungu ndio waliochelewa. Mwaka 1900 Mwingereza Harry Johnston, mkubwa wa serikali ya Uganda, alivuka akafika boma la Mbeni, karibu na mto Semliki, boma ambalo mji wetu wa Beni unabeba jina lake. Akapata vipande viwili vya ngozi yenye mistari, vilivyokatwa kuwa mikanda. Vikapelekwa London, na mwaka 1901 bwana Sclater, kwa kutazama mistari hiyo, akampa mnyama jina Equus johnstoni, ndiyo kusema mtu wa jamaa ya punda milia. Mwaka ule ule ngozi nzima ikafika pamoja na mafuvu mawili, yaliyotumwa kwa msaada wa Eriksson, ofisa Mswidi wa Mbeni. Ray Lankester akapima mafuvu na meno, akaona kwamba huyu siye punda hata kidogo: ni wa nyumba ya twiga. Akamwita Okapia.

Basi mistari ilisema neno moja, mifupa ikasema lingine. Kwa nini tuamini mifupa? Andiko la 2016 lina uzito hapo, sababu wenyewe hawakutazama ngozi wala fuvu. Walisoma ADN. Wasomaji wanajua kwamba ndani ya kila chembe ya mwili mna ADN, kama uzi mrefu ulioandikwa kwa herufi nne tu, na kwamba mzazi hupasisha urithi kwa kunakili uzi huo. Waliposoma herufi hizo walikuta jambo lile lile aliloliona Lankester: okapi na twiga ni ndugu wa karibu, na karibu moja juu ya tano ya protini zao ni sawasawa kabisa. Kwa hesabu yao nyumba hizo mbili ziliachana yapata miaka milioni 11 na nusu iliyopita. Mashahidi wawili wasiojuana wamesema neno moja.

Lakini kufanana peke yake hakutoshi. Katekista atasema: Muumba ni mmoja, na mfinyanzi mmoja hutumia udongo mmoja. Jibu hilo si la kudharauliwa, na kuna daftari za shule zinazostahili kulipata, maana zinaandika kwamba viumbe vyote vina ADN, kwa hiyo vyote vina babu mmoja, kisha zinafunga ukurasa. Hiyo ni nusu ya hoja, na nusu iliyo dhaifu.

Nusu yenye nguvu, waseminari wanaijua bila kujua. Katika somo la Maandiko tunafundishwa namna ya kupanga nakala za kale. Maneno yaliyo sahihi hayatusaidii sana, sababu kila mwandishi mwema angeyaandika vile vile. Kinachotusaidia ni kosa, ao nyongeza. Nakala zenye nyongeza ile ya mashahidi watatu mbinguni, katika 1 Yoane 5, tunaziweka pamoja, sababu si rahisi kwamba waandishi wengi, kila mmoja pahali pake, waliongeza maneno yale yale. Kosa la pamoja linaonyesha chanzo cha pamoja.

Sasa tuchukue mwili. Mbuzi hutengeneza vitamini C mwenyewe. Sisi hatuwezi, inatupasa kula matunda na mboga. Lakini jeni ya kazi hiyo ingali ndani yetu, imevunjika. Sokwe na gorila wanayo vile vile, imevunjika pia. Kobayi, wale wadogo wanaofugwa jikoni, naye ameipoteza, lakini kwake imevunjika kwa namna nyingine. Mfinyanzi mmoja na udongo mmoja vinaeleza vyombo vizuri kufanana. Havielezi kwa nini ufa umepangwa kwa kufuata ukoo.

Na hoja hii siyo ya Wazungu wa mbali. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina iliua watu 2.287 mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Februari 2021 ikaonekana tena Butembo. Watu waliuliza: imetoka tena kwa mnyama wa msituni? Laboratwari ya INRB ikasoma herufi za virusi, ikakuta alama za kunakili zilizokuwa za ugonjwa wa 2018 mpaka 2020. Virusi hii ilikuwa mtoto wa ile ya kwanza. Hakuna padri wa diosezi aliyesimama akisema kwamba virusi hizo mbili zilifanana kwa sababu mtengenezaji wao ni mmoja. Anayekubali usomaji huo kwa virusi atupe sababu ya kuukataa kwa okapi. Atasema: ya virusi ni miezi, ya okapi ni milioni za miaka, na hakuna aliyeona. Ni kweli hakuna aliyeona. Wala hakuna aliyemwona yule mwandishi aliyeongeza mashahidi watatu.

Sehemu ya andiko isiyonipendeza ni ile iliyopigiwa kelele zaidi: shingo. Wataalamu walitaja jeni 70 hivi zilizobadilika kwa twiga, nao walizitoa kama dalili tu. Magazeti yakaandika kwamba siri ya shingo imefunuliwa. Mwaka 2021 wengine walitia namna ya twiga ya jeni moja, FGFRL1, katika panya. Panya wakastahimili vizuri mkazo wa damu, na mifupa yao ikawa migumu. Shingo haikurefuka. Basi undugu wa twiga na okapi umethibitika. Njia iliyorefusha shingo bado inatafutwa. Mwalimu asichanganye mambo hayo mawili, maana mwanafunzi akiona la pili halijakamilika, atatupa na la kwanza.

Juu ya imani, mambo yamesemwa zamani. Pio XII, katika Humani generis ya 1950, aliacha wataalamu wachunguze asili ya mwili wa mtu, akishika kwamba roho inaumbwa na Mungu mwenyewe. Yoane Paulo II mwaka 1996 alikiri kwamba elimu hiyo imepita kuwa dhana tu. ADN haina herufi ya roho, na Agaba na wenzake hawakuitafuta.

Linabaki swali la watoto: babu yetu ni sokwe? Hapana. Sokwe wa leo ni ndugu wa mbali, aliyetoka kwa mzee mmoja na sisi akafuata njia yake. Ni vile vile Watalinga na Ituri: okapi siye babu wa twiga, wala twiga siye babu wa okapi.