Mvumo wa Bembelezi

Miongoni mwa tungo za fasihi simulizi zinazofundishwa katika shule zetu, bembelezi inajulikana na kila mtu, lakini huhakikiwa vibaya. Mwalimu huiandika ubaoni, huwauliza wanafunzi dhamira na ujumbe wake, kisha huendelea na utungo mwingine. Sauti yake haikusikika. Wala hatuna haki ya kumlaumu mwalimu peke yake. Katika kazi yetu ya serikali tuliwahi kuketi miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya sanaa ya shule. Msichana mmoja aliimba bembelezi ya kwao yenye maneno machache mno. Sehemu kubwa aliivumisha puani, midomo ameifumba. Mwamuzi mmoja akasema, "Debe tupu haliachi kuvuma." Sote tukacheka, tukampunguzia alama kwa kukosa ujumbe. Hukumu ile ilikuwa ya makosa, na makala haya yanakusudia kuitengua.

Yatupasa kwanza kujiuliza: bembelezi huimbiwa nani? Mtoto mchanga hajui maneno. Zipo bembelezi nyingi zenye maneno ya kutisha, kwamba mnyama mkali atakuja, na nyingine zenye malalamiko ya mama aliyechoka. Hata hivyo mtoto hulala. Kama maana ya maneno ndiyo ingekuwa inamtuliza, basi angezidi kulia. Utungo huu, kwa hiyo, una wasikilizaji wawili: maneno ni ya watu wazima walioko uani, na sauti ni ya mtoto. Mhakiki anayeyachambua maneno tu amehakiki nusu ya utungo, tena nusu isiyomhusu yule aliyekusudiwa.

Sauti hiyo hufanyaje kazi? Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na sauti ya mama humfikia kwa kupita katika nyama na mifupa. Akisha kuzaliwa na kufungwa mgongoni kwa kanga, huupokea wimbo kwa masikio na kwa kifua pia, maana mwili wa mama hutetema anapoimba. Mama naye hufaidika. Aimbaye hulazimika kuitoa pumzi polepole, na pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mwendo wa moyo kwa njia ya neva ya kumi ya ubongo, ambayo hushuka shingoni na kupeleka matawi kwenye koo, moyo, mapafu na tumbo. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walionyesha kwamba watu waliosali rozari, au waliokariri maneno ya ibada ya yoga, pumzi zao zilishuka hadi kama 6 kwa dakika. Bibi zetu hawakuijua neva hiyo kwa jina, lakini walitunga kwa kufuata kanuni yake.

Tazama ufundi wao. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, nayo irabu hukubali kuvutwa. Sauti za m na n huvuma puani hata midomo ikifumbwa. Mstari ni mfupi, hurudiwarudiwa, na mapigo yake hufuata hatua za mbebaji. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni la kuimbwa. Malumbano ya miaka ya 1970 juu ya vina na mizani yalituzoeza, sisi washairi, kuhesabu silabi kwa macho tukaisahau pumzi.

Wagogo hawakusahau. Ilimba yao, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipiga mbele ya mataifa mengi kabla ya kufariki mwaka 2003, ni sanduku la mti lenye vibao vya chuma. Fundi huongeza vitu vidogo vya kutetema ili kila mlio ufuatwe na mvumo. Asiyejua hudhani chombo ni kibovu. Na sanduku lenyewe ni tupu, lingejazwa lisingelia.

Hatusemi kwamba sauti ni dawa ya kila maradhi. Wako wanaouza milio wakidai inaponya magonjwa makubwa, hao wasituchukue. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati.

Tunachowaomba walimu ni jambo dogo. Kabla ya kuuliza ujumbe, bembelezi iimbwe darasani na wote, polepole, mara tatu. Kisha wanafunzi waulizwe pumzi zao zimekuwaje, ni silabi zipi zilizovutwa, na mvumo umesikika wapi mwilini. Baada ya hapo ndipo maneno yachambuliwe. Nasi waamuzi, tunapoketi tena mezani, tukumbuke kuwa msichana yule alipovumisha puani, ukumbi mzima ulinyamaza. Tuliusikia ukimya huo, lakini karatasi yetu ya alama haikuwa na mahali pa kuuandika.