Hadhana Inapofika Mpakani: Tumeisomaje Minhaj?

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Katika mlango wa hadhana, yaani ulezi wa mtoto, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) anaeleza katika Minhaj kwamba mzazi mmoja akisafiri kwa haja kisha arudi, mtoto hubaki na yule asiyesafiri. Ama safari ikiwa ni ya kuhama, baba ana haki zaidi. Wanafunzi wetu wanayahifadhi haya vizuri. Tunachokikosoa ni fat'wa inayokatwa humo: baba amehama, basi amchukue mtoto, na shauri limekwisha.

Kwa Waislamu wa Kibondo na Kasulu hili si suala la kitabuni. Kuanzia mwaka 2015 Warundi wengi walikimbilia huko, wakapokelewa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, kambi iliyofungwa mwaka 2021. Kambini watu huoana na huachana. Baba akivuka Mabamba au Manyovu na mtoto, amri ya mahakama ya Kasulu haina askari wa kuitekeleza ng'ambo. Mama itambidi aanze shauri upya kwa watu asiowajua.

Turudi kitabuni. Kwanza, Imam ameweka sharti: njia iwe ya amani, na mji unaoendewa uwe na amani. Anayeiacha sharti hii amenukuu nusu ya hukumu. Pili, wenye kuisherehesha Minhaj wamesema kuwa mama akifuatana na baba katika safari hiyo, haki yake ya ulezi inaendelea. Tatu, wakihitilafiana, baba akasema anahama na mama akasema ni safari ya biashara tu, baba husadikiwa kwa kiapo chake. Tunauliza: kiapo hicho ataapa mbele ya nani, na lini? Bila shaka mbele ya kadhi, na kabla mtoto hajaondolewa. Basi kitabu chenyewe kinataka shauri litangulie safari.

Ushahidi wa masahaba uko wazi. Imepokewa katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mwanawe Asim akicheza Quba, akamchukua juu ya mnyama wake. Bibi yake mzaa mama akamfuata, wakafika kwa Sayyidna Abu Bakr (r.a.), naye akaamuru mtoto aachiwe bibi. Umar hakujibu neno. Hapo hukumu ilitekelezwa kwa sababu mwenye nguvu alitii.

Huenda mtu akasema wanavyuoni walikwisha kuweka njia ya kuvuka mipaka: kadhi wa mji mmoja humwandikia kadhi wa mji mwingine, na mashahidi wawili huthibitisha barua. Ni kweli, na ni elimu kubwa. Lakini barua hiyo ilimfikia kadhi mwenye kuitambua. Leo, kati ya Kasulu na Ruyigi, haina mpokeaji. Na karatasi ya imamu, au ya baraza la usuluhishi, hailazimishi polisi hata upande wetu.

Kwa hiyo kinga iko kabla ya mpaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inachukulia kuwa ni bora mtoto wa chini ya miaka saba awe na mama yake, mpaka ithibitike vinginevyo, na umri huo hauko mbali na ule wa kupambanua katika fiqhi yetu. Imamu akisikia kuwa baba anafunga mizigo, asimpe fat'wa ya njiani. Awaite wote wawili, na wasipopatana awaelekeze mahakamani mtoto akiwa bado yupo. Mama anayetaka kuvuka na mtoto kwa siri naye aambiwe hayo hayo.

Haki ya baba katika Minhaj ni haki mbele ya hakimu. Anayemchukua mtoto usiku na kusoma kitabu asubuhi hakumfuata Nawawi.

Wallahu a'lam.