Herufi A Imepotelea Wapi?

Kwa anayeandika Kiswahili, hakuna kitufe kinachouma kikifa kama cha A. Q ikifa, huenda wiki zikapita kabla hujagundua. A haikupi hata sentensi moja ya nafuu. Mashine iliyozaa uchambuzi huu ni kompyuta mpakato ya mtumba inayotumia Ubuntu, na mwenyewe alikuwa amekwisha kujaribu yale wanayoyajaribu wengi: kubadili lugha ya kibodi, kusasisha programu zote, na hatimaye kutaka kufuta mfumo mzima aanze upya. Huko ni kupapasa gizani. Kabla ya kurekebisha chochote lilipaswa kuulizwa swali moja tu: mbonyezo unapotelea wapi?

Safari yenyewe ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Chini ya vitufe kuna nyaya nyembamba zinazokatizana, na chipu ndogo ndani ya mashine huzipekua bila kupumzika ili ijue ni makutano gani yamegusana. Ukibonyeza A, kwenye mipakato mingi kerneli, yaani kiini cha Linux, hupokea msimbo 1e, kwa utaratibu uliorithiwa kutoka IBM PC AT ya mwaka 1984. Kiendeshi kiitwacho atkbd huugeuza msimbo huo kuwa namba 30, ambayo Linux inaijua kwa jina la KEY_A. Namba hiyo hutokea kwenye mojawapo ya faili zilizomo ndani ya /dev/input, maktaba ya libinput ikaichukua, kisha XKB, sehemu inayosimamia mpangilio wa kibodi, ikaamua iwe “a”, au “A” kama Shift imeshikwa, au hata “q” kwa aliyechagua mpangilio wa Kifaransa. Baada ya hapo ndipo programu unayoandikia hupata zamu yake.

Fundi wa maji akiambiwa bomba halitoi, hachimbi mtaro wote; hufungua koki ya katikati ajue maji yameishia upande gani. Koki ya katikati hapa inaitwa evtest. Programu hii husoma kile kinachotoka kwenye kerneli kabla XKB au eneo-kazi havijakigusa. Amri ni sudo evtest, na kwa bahati njema haina A hata moja. Kuisakinisha ndiko kunakohitaji sudo apt install evtest, na hapo asiye na A inabidi achomeke kibodi ya USB, au anakili herufi hiyo kwa kipanya kutoka kwenye maandishi mengine.

Kibodi ya USB nayo ni kipimo tosha. Mbonyezo wake hupita XKB ileile, eneo-kazi lilelile na programu zilezile. A ya USB ilipoandika bila shida, nusu nzima ya juu ya safari ikawa imetakasika, na wazo la kubadili lugha ya kibodi likafa papo hapo. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoanza na jaribio hili, ilhali halihitaji ujuzi wowote.

Evtest ina mtego mmoja. Ukiianzisha hukuletea orodha ya vifaa, na mpakato mmoja unaweza kuwa na vingi: kitufe cha kuwashia, kifuniko cha skrini, vitufe maalumu vya mtengenezaji, padi ya kugusa. Kibodi yenyewe mara nyingi huandikwa “AT Translated Set 2 keyboard”. Ukichagua kifaa kingine, kitufe kizima kitaonekana kimekufa. Kwa hiyo bonyeza kwanza jirani unayejua anafanya kazi. S ilipobonyezwa, mistari ilitokea mara moja: msimbo 1f, KEY_S, thamani 1 kwa kubonyeza na 0 kwa kuachia. Q ikajibu, Z ikajibu. A ikawa kimya kabisa.

Kama KEY_A ingetokea pale bila herufi kufika kwenye maandishi, hadithi ingekuwa nyingine. Hapo tungefungua xev kwa wanaotumia mfumo wa madirisha wa X, au wev kwa wanaotumia Wayland, tuone kama XKB imeipokea. Ukiona namba 38 badala ya 30 usishtuke. Mfumo wa X huongeza 8 juu ya kila namba ya kerneli. Kama ikifika XKB na bado haiandiki, anayeshukiwa ni njia ya mkato iliyoinyakua au mpangilio wa lugha. Na ipo hali ya tatu, ya kitufe kizima ambacho kerneli haikijui jina: amri ya dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za kerneli, huandika “Unknown key pressed” pamoja na msimbo wake. Hiyo huwapata zaidi vitufe vya mwanga na sauti. Fn usiihesabu, kwa kuwa kwenye mashine nyingi chipu ya ndani huimeza yenyewe na Linux haioni kitu.

Kimya cha evtest bado hakijatofautisha kerneli na kifaa. Ushahidi ulipatikana kwa kuwasha upya, kubonyeza Esc ili menyu ya GRUB, programu inayoipakia Linux, itokee, kisha c ili kupata mstari wa amri. Wakati huo kerneli haijapakiwa. A ikakataa huko pia, Linux ikatoka hatiani.

Lililobaki lilikuwa la mikono. Vikifa vitufe kadhaa kwa pamoja, shuku waya mmoja vinaouchangia au mkanda bapa unaoiunganisha kibodi na ubao mama. Kikifa kimoja peke yake, shuku mahali pake. Kofia ya A ilibanduliwa taratibu, mashine ikiwa imezimwa, vumbi likafutwa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, na mashine ilipowashwa mpira wa chini ukabonyezwa moja kwa moja. Hakuna kitu. Mguso wa ndani ulikuwa umekwisha, na dawa yake ni kibodi mpya.

Wakati kibodi hiyo ikisubiriwa, Caps Lock ilipewa kazi ya A. Iko kushoto kabisa kwa A, kidole hakisogei hata sentimita mbili, na ni wachache wanaoitumia. Ndani ya /etc/udev/hwdb.d/ liliundwa faili la 90-herufi.hwdb lenye mistari miwili:

evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_3a=a

Nafasi iliyo mwanzoni mwa mstari wa pili ni ya lazima. Ukiiacha, mstari hausomwi. 3a ni msimbo wa Caps Lock. Kisha sudo systemd-hwdb update, ikifuatiwa na sudo udevadm trigger. Kibodi isiyopita atkbd huhitaji mstari wa kwanza tofauti, na misimbo yake hubadilika pia: kwa USB, Caps Lock ni 70039.

Wapo watakaopendekeza xmodmap, amri ya kubadili kazi za vitufe. Binafsi siipendi kwa kazi hii, kwani chini ya Wayland haikufai, na kwenye konsoli ya maandishi matupu haina habari. Faili la hwdb hubadilisha jedwali la kerneli yenyewe, hivyo A mpya hufanya kazi kila mahali Linux ikishawaka, na Shift hutoa herufi kubwa kama kawaida. Anayeililia Caps Lock anaweza kuwasha chaguo la XKB liitwalo shift:both_capslock, ambapo Shift zote mbili zikibonyezwa pamoja huifufua. Kibodi mpya ikifika, faili hilo lifutwe na amri zilezile zirudiwe, kisha mashine iwashwe upya ili Caps Lock irudi kwenye kazi yake.